Habari Tuliyomficha Dada

Dada yangu alinionyesha uvimbe wake tukiwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu tunachokaa kuamia ndege shambani. Mpunga ulikuwa umeanza kutia maziwa, na ndege wa msimu ule hawakuwa na haya. Aliweka kombeo chini, akashusha kanga, akauchukua mkono wangu na kuuweka ubavuni mwa titi la kushoto.

"Bonyeza."

Nikabonyeza. Kilikuwamo kitu kama korosho mbichi, kigumu, kisichokimbia kidole.

"Kinauma?"

"Hakiumi. Kingekuwa kinauma ningekwisha kukuonyesha."

Akajifunga kanga yake, akaokota kombeo, akarusha bonge la udongo huku akiwatukania ndege mama zao. Hatukukizungumza tena mpaka mavuno yalipokwisha.

Huyu ndiye aliyenilea. Mama yetu alikufa mimi nikiwa bado natambaa, na dada, ambaye naye alikuwa msichana tu, akanibeba mgongoni. Wakati ninaousimulia, Mwingereza bado anatawala na bwana shauri wake anakaa Utete, dada alikuwa na umri wa kama miaka arobaini. Alikuwa ameolewa na mkata mikoko wa hapo hapo kisiwani kwetu Maparoni, mwanamume mwenye mke mwingine upande wa pili wa kisiwa. Mtoto wa kumzaa alikuwa mmoja tu, msichana, aliyeozwa mbali, Nyamwage, kwa watu wa barabarani. Na miye nilikuwa nimeachika, nimerudi kukaa kwake. Tulilima pamoja, tukala pamoja, tukagombana karibu kila siku. Alikuwa na hasira za karibu. Hata kuamsha watu kwa ajili ya sala aliwaamsha kwa matusi.

Lakini kisiwani alijulikana kwa upishi. Haikufanyika harusi, wala hitima, wala maulidi ya maana, bila yeye kuitwa kusimamia masufuria. Alikuwa nayo manne ya shaba, makubwa, aliyoyanunua moja moja kwa miaka. Wali wake haukushika chini wala haukuwa na kiini. Alipokuwa anapika shughuli, hata mume wake hakuthubutu kupita karibu na meko bila kuomba ruhusa.

Baada ya mavuno uvimbe ulikuwa umekua. Akamwambia mumewe. Shemeji akauangalia, akasema ni jipu la maziwa ya zamani, litaiva lenyewe. Nilipotaja zahanati akanikata.

"Zahanati kuna dresa mwanamume. Mke wangu amvulie nguo mwanamume wa kuja?"

Basi tukaanza safari za waganga. Mmoja akamwandikia makombe akanywa. Mwingine alimchanja chale tisa kulizunguka titi akatia unga mweusi, na zile chale hazikupona vizuri. Wa tatu alisema ni mkono wa mke mwenziwe, jambo lililoleta ugomvi wa miezi mitatu na halikupunguza uvimbe hata kidogo. Sitaki kuwasema vibaya waganga peke yao. Walifanya walichokijua, nasi tuliwafuata kwa miguu yetu. Ninachosema ni kwamba msimu mzima wa kilimo ulipita, ndege wakarudi, tukapanda dungu tena, na safari ile dada hakuweza kuzungusha kombeo kwa mkono wa kushoto.

Siku ngozi ilipopasuka ndipo shemeji alipokubali.

Zahanati ilikuwa kisiwa cha pili, mwendo wa kupiga kafi kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, na lazima uende na maji. Dresa wake, mfunga vidonda aliyekuwa ndiye tabibu pale, alikuwa mtu wa bara, mfupi, Kiswahili chake kizito, watoto wakimwigiza njiani. Hakumvua dada nguo. Aliniambia mimi nimfunue, naye akaomba ruhusa kabla ya kuangalia. Akaangalia, akapapasa kwapa, halafu akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko nilivyoona haja.

"Mama," akasema, "hili si langu. Hili ni la hospitali ya mjini, na ni la kwenda sasa hivi, si kesho."

"Ni nini?" dada akamwuliza.

"Ugonjwa mbaya wa titi. Wenzetu wana jina lake. Huko watakukata. Ingekuwa mwaka jana…" Hakuimaliza. Akaandika barua.

Kwenda mjini. Mtu wa leo akisikia neno hilo anafikiri nauli ya basi. Siye ilikuwa mtumbwi hadi bara, kisha dada kubebwa kwenye machela hadi Kibiti, kisha kungoja lori la korosho liwe na nafasi juu ya magunia, halafu mjini kwenyewe kutafuta pa kulala na kujipikia kwa wiki nyingi, wakati huku nyumbani hakuna anayelima. Serikali ilisema matibabu ya mtu mweusi ni bure. Pengine kisu kilikuwa bure. Shemeji alisema hana kitu, mikoko ya mwaka ule bado haijapata mnunuzi. Kaka yetu mkubwa alitoa alichoweza, hakikutosha. Dada akayauza masufuria. Alinunua Mhindi wa Kibiti, yote manne kwa pamoja, tena akiyagongagonga kwa kidole kama mtu anayenunua nazi. Dada alikuwa amelala kwenye machela barazani kwa Mhindi, anaangalia.

"Yule hajui hata kuyashika," aliniambia.

Hospitali ilikuwa na mlango wa Wazungu, mlango wa Wahindi, na uwanja wetu. Tulikaa kwenye uwanja huo siku mbili na barua ya dresa mkononi. Siku ya tatu tukaingizwa. Daktari alikuwa Mzungu mrefu, mchovu, mwenye mikono safi sana. Pembeni yake alisimama mkalimani, kijana wa Kiswahili aliyevaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi. Daktari aliangalia titi, akaangalia kwapa, akasema maneno mengi kwa mkalimani. Mkalimani akamgeukia dada.

"Utalala hapa. Utapasuliwa."

"Amesema hayo tu?" dada akauliza. "Mbona yeye kasema mengi?"

"Ndiyo hayo hayo, mama. Kizungu ni kirefu."

Alipasuliwa. Titi lote likaondolewa, na nyama ya kwapani pamoja nalo. Nilikuwa nimekaa chini karibu na kitanda chake alipozinduka. Alipeleka mkono kifuani, akapapasa bandeji, akauacha mkono pale pale.

"Wameliweka wapi?" akaniuliza.

Sikuwa nimefikiria jambo hilo. Kwetu hata ukucha tunaufukia. Nilimwuliza mkalimani, akacheka, akasema mambo ya hospitali hayaulizwi. Dada aliyasikia mwenyewe. Mpaka tunaondoka mjini alikuwa akilitaja lile titi kama mtu aliyeacha mtoto ugenini.

Kaka yetu alikuja kututazama wiki ya pili. Daktari akamwita yeye chumbani, kwa sababu ni mwanamume. Alipotoka alinishika mkono akanivuta mpaka nyuma ya jengo, penye bomba la maji wanapofulia mashuka. Kaka yangu hakuwa mtu wa kulia. Siku ile alifungua bomba akanawa uso kwanza.

"Wamechelewa kumkata," akasema. "Mizizi imeshaingia ndani. Daktari anasema ugonjwa utarudi. Akipata mwaka mmoja, ashukuru."

"Hakuna dawa nyingine?"

"Ipo ya mashine, wanachoma kwa miale. Haipo nchi hii. Wanaokwenda kuitafuta ng'ambo si watu kama sisi."

Nikataka kuondoka nirudi kwa dada. Akaniziba njia.

"Sikiliza. Dada yako asijue. Mgonjwa akikata tamaa hufa kabla ya siku yake. Nimekwisha mwomba mkalimani, naye kakubali. Ukimwambia weye, utakuwa umemuua weye. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Apa."

Nikaapa, pale penye bomba, huku wafuaji wanatutazama. Nilikuwa mwanamke mzima wa miaka ishirini na mitano. Sikulazimishwa kwa fimbo. Niliapa kwa sababu niliona ni nafuu kwangu kuliko kurudi wodini kumwambia mtu aliyenilea kwamba anakufa. Hilo nimechukua miaka mingi kulikubali, na kabla ya hapo nilikuwa nikimtupia kaka yote.

Siku ya kutoka, mkalimani alisimama kando ya kitanda akatabasamu. "Umepona, mama. Nenda kalime."

Dada akamshika mkono akaubusu. Mkono wa mkalimani.

Miezi iliyofuata alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Ndiyo inayoniuma. Kidonda kilifunga, nguvu zikarudi, akanenepa. Alishona kifuko cha kitambaa, akakijaza sufi, akakifunga upande wa kushoto ili kanga ikae sawasawa, na wanawake wenzake walipomtania aliwaambia hili halitaki kunyonyesha wala halishikwi na mume bila mwenyewe kupenda. Akaanza kuitwa tena kwenye upishi, sasa akitumia masufuria ya kuazima na kuyalaani yote. Akasema atajinunulia mengine, pole pole, kama alivyonunua yale ya kwanza.

Binti yake kule Nyamwage alikuwa na mimba ya kwanza. Tukiwa bado katika kiangazi, barabara kavu, ilikuja habari kwamba mtumbwi mkubwa unapeleka samaki wakavu bara na una nafasi, na kutoka pale kuna lori la kwenda upande wa Lindi. Mwenye mtumbwi alikuja mwenyewe kumwambia dada.

Dada alifikiri kutwa nzima. Jioni, tukiwa tunachambua mchele, akaniuliza.

"Unaonaje, mdogo wangu? Niende?"

Nilikuwa nimeinamisha kichwa kwenye ungo.

"Weye unaonaje?" nikamrudishia.

"Naona haya. Niwaingilie wakwe mikono mitupu? Masufuria nimeuza, mpunga wa mwaka huu umeliwa na ndege tulipokuwa mjini. Wataona mke wa mtoto wao katoka kwa mafukara. Bora nilime kwanza. Nikishavuna nitakwenda na mchele mpya, gunia zima, na kuku, nimkute mjukuu anakaa. Si bado niko?"

"Ndiyo, dada," nikasema. "Bado uko."

Mtumbwi uliondoka kesho yake asubuhi bila yeye. Nami nikaenda naye kutifua shamba. Baada ya miezi mitatu tukasikia binti amejifungua mtoto wa kiume, salama. Dada alipiga vigelegele peke yake katikati ya shamba, jembe mkononi, mpaka watu wa mashamba ya jirani wakaja kuuliza kuna nini.

Ugonjwa uliporudi, ulirudi kwenye kovu. Vijipu vidogo, vitatu, vya rangi ya zambarau. Aliniita nivione, akasema huenda ni joto. Halafu mkono wa kushoto ukavimba kuanzia kwapani mpaka vidoleni, ukawa mzito, akawa anaubeba kwa mkono wa kulia. Halafu mgongo. Halafu kikohozi. Kwa kila kimoja alikuwa na sababu yake, jembe, umande, vumbi la makapi, na kila alipomaliza kunieleza sababu alikuwa ananitazama usoni, nami nilikuwa naitikia.

Vijipu vikapasuka vikawa kidonda kimoja, na kidonda kikaanza kunuka.

Kulikuwa na harusi ya jirani, wiki moja kabla ya mvua za masika. Hawakumwita, akaenda. Alijifunga kanga mbili, akajipaka udi mwingi, akakaa mbele ya meko akatoa amri kama zamani. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfukuza. Akapika sufuria mbili za pilau. Ilipofika wakati wa kupakua nilimwona mama wa bibi harusi akinong'ona na wasichana, na sinia za sufuria zile zikapitishwa nyuma ya nyumba. Dada alikwenda huko kutafuta maji ya kunawa. Akawakuta wanamwaga pilau yake kwenye shimo, kuku wamejaa.

Hakutukana. Ningeshukuru kama angetukana. Alirudi nyumbani bila kuniaga, na tangu siku ile hakutoka nje ya uwanja wetu.

Shemeji alihamia kwa mke mkubwa, upande wa pili wa kisiwa. Alisema harufu inamzuia kusali. Alikuwa analeta samaki, anawaacha mlangoni. Na wanawake waliokuwa wakija kukaa naye wakapungua mmoja mmoja, kila mmoja na udhuru wake, mpaka tukabaki wawili.

Ndipo nilipopiga kafi peke yangu kwenda kumtafuta yule dresa. Sikutegemea kitu. Alinisikiliza, akafunga zahanati, akaingia mtumbwini mwangu na mfuko wake.

Niseme alichokifanya, kwa sababu hakuna mwingine aliyefanya kitu. Alinifundisha kukiosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, na mara moja kwa siku kwa yale maji ya zambarau aliyokuja nayo kwenye chupa. Nilikuwa nikibandua kitambaa kikavu na nyama ikitoka nacho, dada akiuma kanga. Akaniambia nichukue jani changa la mgomba, nilipitishe kwenye moto lilegee, nikifunike kidonda kwa hilo kwanza, na kitambaa juu yake. Jani haligandi. Tangu siku hiyo dada hakuuma kanga tena wakati wa kuoshwa. Akaniambia nipake asali, ile ya mikokoni, na harufu ikapungua nusu. Akaweka pakacha la mkaa chini ya kitanda, linyonye harufu. Akamwonyesha dada namna ya kuuinua mkono juu ya mto ili uvimbe ushuke. Mambo ya jani la mgomba na mkaa na mto! Hayakuhitaji lori, wala Mzungu, wala kuuza sufuria. Kule mjini walimkalisha wiki tano, na hakuna aliyetuambia hata moja kati ya hayo.

Kilichomshinda ni maumivu ya mgongo. Vidonge vyake vilikuwa vya kichwa. Alisema ipo dawa ya kunywa, chungu, inayoweza kumpumzisha mtu kama dada, lakini inafungiwa kabatini katika hospitali kubwa. Akaandika kwa wakubwa zake kuiomba. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Alinisomea: dawa za namna hiyo hazitolewi kwa wagonjwa wa vijijini, kwani hakuna wa kuzisimamia. Akaikunja ile barua mikunjo midogo midogo.

"Mimi nipo," akasema. "Mimi si mtu wa kusimamia?"

Alikuwa akija kila Ijumaa baada ya sala, ingawa hakuwa wa dini yetu na hakutumwa na mtu. Ijumaa ya tatu au ya nne, dada akamwuliza. Nilikuwa nakunja vitambaa pale pale.

"Bwana dresa, weye si mtu wa hapa, huna sababu ya kunifurahisha. Hii ni ile ile au ni nyingine?"

Dresa akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa. Akaona, na dada akaona kwamba ameona.

"Mama, wewe unataka kujua?"

"Nimekuuliza."

"Ni ile ile. Imerudi."

"Itapona?"

"Haitapona, mama."

"Nina muda gani?"

"Huo anaujua Mungu. Lakini mimi, ningekuwa na neno la kumwambia mtu, ningemwambia sasa."

Nilisikia maji yanapiga mizizi ya mikoko nje. Kisha dada akamshukuru, akaniambia nimpe dresa madafu ya njiani. Alipokwisha kuondoka akaniita nikae karibu.

"Weye ulijua."

"Dada…"

"Tangu lini?"

"Tangu mjini."

Alihesabu kwa vidole vya mkono wa kulia, pole pole. Aliona mwenyewe ule mtumbwi wa samaki wakavu ulianguka wapi katika hesabu yake.

"Nilikuuliza niende au nisiende."

"Kaka aliniapisha."

"Miye nilikuuliza weye. Ungeniambia, ningekwenda Nyamwage. Ningekwenda uchi. Haya ya wakwe ni ya mtu atakayeishi." Akapumzika, maana kikohozi kilimshika. "Nimelima shamba mwaka mzima la mchele ambao sitaula. Mmenilimisha."

Nikalia, nikashika miguu yake. Hakunisukuma, wala hakuniwekea mkono.

Kaka aliposikia alikuja akiwa amewaka moto. Hakuja kwetu, alikwenda moja kwa moja kwa jumbe, mkubwa wa serikali kisiwani, kumshtaki dresa kwamba amemtamkia mgonjwa kifo. Shemeji akaenda kuwa shahidi, yeye aliyekuwa anaacha samaki mlangoni. Jumbe akaandika kwa wakubwa. Masika yalikuwa yameshaanza dresa alipohamishwa, tukaambiwa kapelekwa huko huko bara. Chupa ya maji ya zambarau tuliyokuwa nayo ikawa ya mwisho.

Tulijaribu kumpeleka Nyamwage. Yeye ndiye aliyetaka, na safari hii sikumwuliza mtu ruhusa. Wavuvi wawili, ndugu zetu wa upande wa mama, walikubali kupiga kafi. Tulimtandikia makuti na magodoro mawili katika mtumbwi. Mto ulikuwa umefurika, maji mekundu, magogo yanapita. Kila kafi iliyozama ilimpiga mgongoni kama rungu. Alivumilia kutwa nzima akiwa ameshika ukingo wa mtumbwi. Tulipofika kijiji cha kwanza cha bara watu wakatuambia barabara imekatika na kivuko kimesimama, hakuna anayevuka mpaka maji yashuke. Dada alisikia. Alituomba tumgeuze.

"Angalau leo tumekuwa njia moja," alisema, "miye na mwanangu."

Tulimtumia binti maneno kwa mtu aliyesema atapita kwa miguu, juu ya vilima, maji yakianza kushuka. Halafu tukarudi.

Aliishi siku kumi na saba baada ya hapo. Maumivu hayakumpa nafasi ya kusema mengi. Siku nyingine aliniruhusu nimlishe uji, nyingine alikaza meno. Kuna asubuhi moja aliniambia mjukuu wake ajifunze shahada mapema, asingoje kwenda chuoni, na ada yake ya kunung'unika kuhusu chumvi kwenye mchuzi hakuiacha mpaka juma la mwisho. Lakini neno la kunisamehe sikulipata, nami sikuthubutu kuliomba. Alikufa alasiri, mvua ikinyesha, mimi na mke mkubwa wa shemeji tukiwa chumbani. Ndiyo, yule yule tuliyemsingizia uchawi. Alikuja siku tatu za mwisho, akaosha kidonda nami, hakuziba pua.

Binti alifika siku ya tano ya matanga, matope mpaka mapajani, mtoto mgongoni. Alikuwa ametembea kuanzia kule barabara ilipokatika. Wanawake walimlilia, akalia, akapelekwa kaburini akarudi. Kisha akanifuata jikoni, nilipokuwa napika kwa ajili ya waombolezaji.

"Mama mdogo, alikufa na nini?"

Nikamweleza, kuanzia juu ya dungu.

"Na mlijua lini kwamba hatapona?"

Ningeweza kumwambia dresa ndiye aliyetuambia, mwezi mmoja uliopita. Kaka alikuwa barazani, angeniunga mkono. Nilikuwa nimechoka na ile kazi ya kuficha.

"Kabla hujajifungua," nikasema. "Tulijua tangu kiangazi. Alitaka kuja kwako, akaniuliza, nikanyamaza."

Alinitazama. Alikuwa na macho ya mama yake, yale ya hasira za karibu, lakini hasira haikuja. Akamfungua mtoto mgongoni, akampakata, akageuza uso upande wa mlango.

"Ningemfuata mimi," akasema. "Mimba na yote. Ningemfuata."

Alikaa mpaka arobaini. Alifanya kila kazi ya nyumba pamoja nami, akachota maji, akatwanga, akaniamkia kila asubuhi shikamoo ya heshima. Mpunga wa dada tuliuvuna sisi wawili, maana ulikuwa umeiva na hakuna mwingine wa kuuvuna. Nilimfungia gunia la mchele mpya aende nalo kwa wakwe zake, kama mama yake alivyotaka. Akaniambia nigawe sadaka. Nilipotaka kumsindikiza hadi kwenye mtumbwi alisema njia anaijua. Akaenda, na tangu hapo nikawa nampata kwa salamu za watu tu.